Fahali wa Kalenda

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Leo Mzee Mohsin ametuita ofisini kwake, mimi na Salome. Nilijua kuna jambo, maana aliagiza chai na hakuinywa. Akasema kompyuta ya pili haiji. Bei imepanda, umeme wenyewe ni wa mashaka, na kiwanda kidogo cha chapa hapa Shinyanga hakihitaji watu wawili wa kupanga kurasa. Kwa hiyo kiti ni kimoja. Mmoja wetu atabaki kwenye kompyuta. Mwingine atashuka chini kukunja karatasi na kupiga pini vitabu vya risiti.

Nilimwonea Salome huruma. Ana miezi mitatu tu hapa. Mimi nina miaka tisa. Nilikuwa nakata picha kwa wembe na kuzibandika kwa gundi wakati yeye bado anafundishwa kushika kalamu. Alikuja kutoka Mwanza na cheti cha kozi ya wiki sita, akakitia kwenye fremu na kukitundika juu ya meza. Mtu anayetundika cheti hana kingine cha kuonyesha.

Mzee akasema ataamua kwa kazi, si kwa miaka. Na kazi imekuja leo hii hii, nimepewa mimi. Kalenda ya mwaka 1998 ya Bartholomeo, yule mnunuzi wa dhahabu wa Mwakitolyo mwenye meno mawili ya dhahabu na kicheko cha kuyatangaza. Anataka karatasi moja kubwa, ya njano. Katikati yeye na suti yake. Nyuma yake ng'ombe zake. Chini miezi. Salome amepewa kadi za mwaliko wa kipaimara. Kila mtu na kimo chake.

Shida ni picha aliyoileta. Bartholomeo amesimama na ng'ombe wanne waliokonda, na nyuma yao kuna choo cha mabati na kamba ya nguo zilizoanikwa. Nikamuuliza ng'ombe wengine wako wapi. Akainuka, akafunga mlango, akasema wengine ndio hao hao.

Kumbe anaposa. Binti wa Mzee Luhende, kule Samuye. Huyo mzee ana zizi linalojulikana mpaka Isaka, na amesema hamwozi binti yake mtu wa mashimo asiye na mifugo, kwa sababu dhahabu inaisha na ng'ombe wanazaa. Bartholomeo akamdanganya kwamba na yeye ana zizi kubwa, liko mbali tu, upande wa Geita. Sasa kalenda ndiyo itakayomsemea. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, Donatus mdogo wangu, nitoe hapo chooni.

Mtu mzima mwenye gari, anababaika kwa ajili ya ng'ombe. Sisi kwetu Bukoba mtu akitaka kuoa hapigi picha na mgomba. Nikamwambia aniachie mimi.

Jumanne, 7 Oktoba 1997

Nimeondoa nyuma ya picha. Nilichukua kifutio cha kwenye kompyuta, nikafuta choo, nikafuta kamba, nikafuta na shati la mtu nisiyemjua. Saa mbili nzima. Kila nilipofuta pakatokea viboksi vya kijivu na vyeupe, kama ubao wa drafti. Hiyo ni alama ya kompyuta kwamba hapo hapana kitu, ni patupu, rangi ya ukurasa itapita. Hata Salome analijua hilo.

Nikahifadhi. Nikaipeleka picha kwenye ukurasa wa njano. Bartholomeo akatokea ndani ya sanduku jeupe, ng'ombe wake wamebanana naye, kama watu waliopiga picha mbele ya friji. Choo kimeondoka, friji limekuja.

Nikarudia mara tano. Nikazima kompyuta, nikaiwasha. Friji liko pale pale.

Salome, bila kuulizwa, akaninong'oneza kwamba patupu hapasafiri, Kaka Donatus. Eti ukihifadhi kwa mtindo ule nilioutumia, kompyuta inapajaza nyeupe pale palipo wazi. Inatakiwa uzungushe mstari pembeni ya mtu, nukta kwa nukta, ufuate kila kidole na kila kona ya suti, halafu uihifadhi picha pamoja na mstari wake. Ukurasa utausoma huo mstari na kuficha kila kilicho nje. Alisema polepole, kwa ile sauti anayowaongeleshea wateja wazee wasiosikia vizuri.

Nikamshukuru kwa ubaridi. Miaka tisa ninakata picha, leo naambiwa picha haikatwi, inazungushiwa wigo kama mbuzi.

Jumatano, 8 Oktoba 1997

Nimepata dawa, na imetoka kichwani mwangu mwenyewe. Kompyuta inataka kujaza? Basi ijaze njano. Nimemwaga nyuma ya Bartholomeo rangi ile ile ya ukurasa. Nikaiweka. Friji likapotea. Kwenye kioo cha kompyuta huoni mpaka wowote, hata ukisogeza pua.

Sikusubiri. Nikamwita Mzee Mohsin. Akavaa miwani, akainama, akasema safi sana. Nikamtazama Salome pembeni. Alikuwa anahesabu kadi zake za kipaimara, masikini. Mzee akasema tuone kwenye karatasi.

Printa ikatoa karatasi. Njano mbili. Ya ukurasa ilikuwa njano ya ndizi mbivu, ya nyuma ya Bartholomeo ilikuwa njano ya ndizi iliyolala. Sanduku limerudi, safari hii limepakwa rangi. Kumbe picha na ukurasa kila kimoja kinachanganya njano yake kwa hesabu zake, na hakuna aliyenijulisha.

Mzee akavua miwani. Akasema Jumatatu anataka kalenda iliyo tayari, la sivyo kazi inahamia meza ya pili. Meza ya pili ni ya Salome, na Salome akaendelea kuhesabu kadi zake. Hiyo ndiyo dharau ninayoizungumzia.

Ijumaa, 10 Oktoba 1997

Siku ya ushindi. Niiandike kwa mpangilio.

Asubuhi Bartholomeo amekuja na ombi jipya. Anataka fahali. Ng'ombe wale wanne hawatoshi, lazima awepo dume mmoja wa maana, wa kuwafunga midomo wakwe. Nikamuuliza anaye. Akasema angekuwa naye asingekuja kwangu.

Mzee alipokwenda msikitini nikafungua droo ya picha za zamani. Nikampata. Fahali mwekundu, nundu kubwa, pembe pana zilizopinda vizuri, moja imemeguka ncha, na baka jeupe ubavuni. Nyuma ya picha pameandikwa kwa kalamu: tangazo, fahali ameibiwa, Julai. Nikakumbuka. Tangazo lile nililipanga mimi. Jina la mwenye fahali lilikuwa limefunikwa na gundi, na sikuwa na muda wa kubandua gundi.

Nilijiuliza kama ni vibaya. Nikaona si vibaya. Aliyeibiwa hayupo, hawezi kulalamika. Mwizi naye hatasimama hadharani kusema huyo ni wangu. Na matangazo hayasomwi na mtu, hata sisi tunaoyachapa hatuyasomi. Ng'ombe ni ng'ombe, miguu minne na mkia. Kwa tahadhari nikamgeuza: alikuwa anatazama kushoto, sasa anatazama kulia.

Ikabaki kazi ya kumkata. Hapo ndipo akili inapotofautiana na cheti. Nikamwambia Salome kwamba Mzee anataka kumpima, amkate Bartholomeo, ng'ombe wanne na fahali, yote kabla ya saa kumi. Akaiamini. Akakaa pale akizungusha nukta zake, anaimba kwa puani, anafuata pembe, anafuata kwato, anafuata unywele mmoja mmoja wa mkia. Akauliza huyu fahali ni wa nani. Nikasema wa mteja. Saa tisa na nusu akanipa diski.

Nikaweka kwenye ukurasa wa njano. Hakuna friji. Hakuna njano mbili. Fahali amesimama utadhani atapumua. Wale wanne nikawarudia mara kumi kumi, wakawa arobaini. Salome alipoliona hilo akasema arobaini wana sura nne tu, na watu wa huku wataona. Ng'ombe na sura, jamani. Halafu, ili kusitokee ubishi kazi ni ya nani, nikaandika kwenye kona ya chini: Picha na Kurasa, Donatus Rweyunga.

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Mzee Mohsin ametazama kalenda kwa muda mrefu. Amesema hajawahi kuona kazi ya namna hii hata kutoka Mwanza. Bartholomeo amecheka mpaka meno yote mawili yakaonekana, akamgusa fahali kwa kidole, akamwita mwanangu. Salome alitazama ukurasa, akatazama kona ya chini, akanitazama mimi. Akasema hongera, Kaka Donatus, akarudi kwenye kadi. Mtu akishashindwa huwa na adabu.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Paskazia alikuwa anamenya viazi. Akaacha kumenya, akauliza fahali ametoka wapi. Nikamweleza. Akasema yeye kazaliwa Kahama, na anachojua ni kwamba Msukuma anaweza kuisahau sura ya shemeji yake lakini si ya ng'ombe wake. Akaniambia nimtoe. Nikamwambia ndiyo maana hawaendelei. Akaendelea kumenya, ila kwa hasira, viazi vikatoka vidogo.

Jumatatu, 20 Oktoba 1997

Kalenda zimechapwa, zimekauka, zimechukuliwa. Bartholomeo ameipeleka ya kwanza mwenyewe Samuye, kaiviringisha ndani ya kitenge kipya. Nyingine zimekwenda Mwakitolyo, Isaka na Geita. Jina langu limefika mahali ambapo mimi mwenyewe sijafika.

Nimeleta mto mdogo kutoka nyumbani, nimeuweka kwenye kiti cha kompyuta. Nimehamisha na kikombe changu. Salome ameuliza kama Mzee ameshatangaza. Nikamwambia kuna mambo hayahitaji kutangazwa.

Jumatano, 22 Oktoba 1997

Bartholomeo amekuja leo asubuhi na hakucheka. Suti ina vumbi mpaka magotini. Nilimkaribisha kiti, akakataa, akasimulia akiwa amesimama.

Mzee Luhende aliipokea kalenda kwa mikono miwili. Akaagiza itundikwe ukutani panapopata mwanga. Ndugu wakakusanyika. Kwanza wanawake wakacheka, wakasema ng'ombe hawa kwao wamezaliwa mapacha kumi kumi. Bartholomeo akacheka nao. Halafu Mzee Luhende akainuka. Akasogea. Akamwekea fahali kidole kwenye nundu, akamwita kwa jina. Malunde.

Tangazo la Julai lilikuwa lake. Kati ya wazee wote wenye ng'ombe katika mkoa huu mzima, ni yeye. Mtu unafanya kazi yako kwa uangalifu, halafu mkosi unawapita watu wote unakuja kukukuta wewe.

Lakini hapo bado palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mzee Luhende alimuuliza Bartholomeo taratibu kabisa, huyu ni fahali wako? Na Bartholomeo, mtu na akili zake, akamwona yule binti amesimama mlangoni, akajibu kwamba ni wake, amezaliwa zizini kwake. Mzee akasema Malunde ana baka ubavu wa kushoto. Bartholomeo akasema unaona sasa, wangu analo kulia. Mzee mwingine akasema na pembe iliyomeguka nayo imehamia upande wa pili, kila kitu kimehama, na hajawahi kuona ng'ombe wawili wanaofanana kwa kupishana. Filimbi ikapigwa. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaja na pinde zao.

Wamempa mpaka kesho. Alete fahali akiwa amesimama kwa miguu yake, au ahesabiwe mwizi wa ng'ombe. Na mwizi wa ng'ombe huko hapewi maji ya kunywa, hapewi moto, hasalimiwi na mtu. Akisema ukweli kwamba fahali ni wa karatasi, basi hana zizi, ni mwongo, na binti hapati. Kwa hiyo amekuja kuniomba nimsaidie kutafuta fahali mwekundu mwenye baka kulia. Nilikuwa nimeanza kufikiria wapi tungempata.

Kumbe Mzee Mohsin alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akauliza nani amefanya hivi. Nikamwambia kweli tupu, kwamba aliyemkata yule fahali ni Salome, kwa mkono wake, na mashahidi wapo. Mzee akavaa miwani, akaishika kalenda, akasoma kona ya chini kwa sauti.

Alhamisi, 23 Oktoba 1997

Tumekwenda Samuye kwa pikapu ya Mzee. Mbele Mzee na Salome, nyuma mimi na Bartholomeo. Bartholomeo alikaa amenipa mgongo njia nzima.

Watu walikuwa wamekaa wakitusubiri. Kalenda imetundikwa kwenye mti wa uzio wa zizi, katikati. Nikasalimia shikamoo kila mzee, mmoja mmoja, mpaka pumzi ikaniishia. Mtemi wa Sungusungu akanipa nafasi niseme.

Nilisema vizuri. Niliwaeleza kuhusu patupu na ubao wa drafti. Niliwaeleza kuhusu sanduku jeupe na njano mbili. Nilipofika kwenye mstari wa nukta, mtemi akaniuliza fahali yuko wapi. Nikasema hakuna fahali. Akauliza, sasa Mzee Luhende anamtazama nani pale? Nikasema ni picha ya fahali. Akasema picha hupigwa kwa kitu kilichosimama mahali, na huyu kasimama na Bartholomeo. Wakaguna wote. Huwezi kuwaelimisha watu wasiojua kompyuta.

Ndipo Salome akainuka. Akapiga goti, akawasalimia kwa Kisukuma, ng'wangaluka, nao wakamwitikia kama mtoto wao. Akaomba kioo cha kujitazamia. Wakamletea. Akaishika ile picha ya Julai, aliyokuja nayo kutoka kwenye droo, mbele ya kioo, akaisogeza karibu na kalenda. Ndani ya kioo fahali akatazama kulia, baka likawa kulia, pembe iliyomeguka ikawa ile ile. Wazee wakaja kuchungulia wawili wawili. Halafu akatoa mkasi, akachukua kalenda nyingine, akamkata Bartholomeo akamtoa mzima na suti yake. Akamweka juu ya ungo wa mtama. Akamweka mgongoni mwa mbuzi. Akamweka juu ya paa la nyumba. Akasema mnaona, mtu wa karatasi anakaa popote utakapomweka, na fahali naye ni hivyo hivyo. Watu wakacheka mpaka mtemi akaficha uso kwa mkono.

Mkasi. Miaka tisa mimi nakata kwa wembe, na hakuna aliyewahi kunichekea.

Bartholomeo akaambiwa asimame aseme mwenyewe ana ng'ombe wangapi. Akasimama. Akasema wanne, kwa mdomo uliofungwa nusu, meno hayakuonekana. Binti alikuwa nyuma ya wanawake wenzake. Aliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza nilijisikia vibaya, kisha nikakumbuka kwamba si mimi niliyemtuma aseme amezaliwa zizini kwake.

Mzee Luhende alimtazama Bartholomeo, akatazama kalenda. Kisha akasema mwongo si mwizi, na anashukuru kulijua hilo leo kuliko baada ya harusi. Akasema hatoi binti wala hamnyimi. Mambo ya harusi hatayazungumzia mpaka Malunde arudi, maana Malunde ndiye aliyekuwa aongoze ng'ombe siku ya kumsindikiza binti, na moyo wake haujatulia tangu Julai. Akainuka, akaenda kwenye kalenda, akamshika fahali kwenye nundu na kiganja chote. Machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Akasema tangazo la Julai lilikuwa jeusi tii, ulikuwa huwezi kujua kama ni ng'ombe au chungu, ndiyo maana hakuna aliyemwona. Lakini hapa anamwona mpaka kope.

Mzee mzima analilia ng'ombe wa karatasi. Na tangazo la Julai halikuwa jeusi tii, lilikuwa na wino wa kutosha.

Akaomba adhabu yetu iwe hii: tutengeneze tangazo jipya la Malunde, tumtumie huyu huyu aliyekatwa vizuri, lisambazwe kila mahali ilipofika kalenda. Mtemi akakubali. Akasema lifanywe na huyu mwenye jina lake kwenye kona.

Njiani kurudi Mzee Mohsin alisimamisha pikapu, akashuka, akaja nyuma kuniambia. Nifanye tangazo moja, kama lilivyo, bila ujanja wowote. Nikiweza, nitabaki kwenye kiti. Nisipoweza, najua ngazi za kushukia.

Ijumaa, 24 Oktoba 1997

Nimekaa kutafakari kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Salome alimkata vizuri mno. Ningetumia mkato wangu, hakuna ambaye angemtambua yule fahali, wala kujua kama ni ng'ombe. Aliyetuponza sote ni yeye na nukta zake. Nimelisema hili nyumbani, na Paskazia ameniuliza kama nataka chakula au nataka kuongea.

Salome amenipa diski na karatasi ya maneno aliyoyaandika baada ya kumsikiliza Mzee Luhende. Fahali mwekundu. Baka jeupe ubavu wa kushoto. Pembe ya kulia imemeguka ncha. Akasema nimgeuze fahali arudi kutazama kushoto alivyokuwa, niweke maneno chini, basi, ni kazi ya nusu saa. Amenielekeza kama mgonjwa anayeelekezwa vidonge.

Bartholomeo naye amepita. Amekonda kwa siku mbili. Akasema harusi yake sasa iko ndani ya lile tangazo, kwamba malori ya Isaka yanafika kila mnada, na mtu mmoja tu akimtambua Malunde mnadani mambo yamekwisha. Akanishika tena kwa mikono miwili. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema safari iliyopita nilisema hivyo hivyo. Watu hawana shukrani.

Jumatatu, 27 Oktoba 1997

Nimemaliza, na nimemaliza kwa kiwango changu.

Nilifika saa tisa usiku ili nifanye bila kutazamwa begani. Nilimweka Malunde kwenye ukurasa kama nilivyoelekezwa. Nikamtazama. Kusema kweli hakuwa ametulia. Ile pembe iliyomeguka ilimfanya aonekane ametoka kwenye ugomvi. Nani atakaza macho kwenye tangazo la ng'ombe mbovu? Nikaimalizia ncha. Imetoka nzuri, ndefu kuliko ile nyingine, nikairefusha na nyingine zilingane.

Likabaki lile baka. Jeupe, ubavuni, palepale macho yanapofika kwanza. Mtu yeyote wa chapa angedhani wino haukushika. Mzee Mohsin angesema Donatus ametoa kazi yenye doa. Nikalijaza rangi nyekundu, taratibu, huwezi kujua palikuwa na kitu. Na kumgeuza sikumgeuza. Anayetazama kushoto anaonekana anaondoka, anayetazama kulia anaonekana anarudi, na sisi tunataka arudi.

Baada ya hapo maneno ya Salome yakawa hayaendani na picha. Baka gani, pembe gani? Nikayaondoa. Nafasi iliyobaki nimeandika MALUNDE kwa herufi kubwa na nakshi pembeni. Nimechapa nakala mia tano. Lori la Isaka lilikuwa linaondoka saa moja na nusu, nikamkabidhi dereva nusu. Nyingine zimekwenda na gari la Geita. Zote zimetoka kabla Mzee Mohsin hajafungua ofisi yake, ili akifika akute kazi imekwisha, si maelezo.

Moja nimejiwekea, nimekishusha cheti cha Salome nikaitundika hapo. Nimekaa kwenye kiti naitazama. Sijawahi kutengeneza fahali mzuri kama huyu. Amependeza kiasi kwamba Mzee Luhende mwenyewe akimwona hatamjua.